Chekechea Bora si Kiwanda cha Kasuku

Miongoni mwa biashara zilizostawi katika miji yetu kwa miaka ya karibuni, ni chache zilizonawiri kama biashara ya shule za watoto wadogo. Kila mtaa una bango lake. Ukutani wamechorwa panya na bata wa sinema za Kimarekani. Langoni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba lugha ya hapa ni Kiingereza. Na mwisho wa mwaka watoto wa miaka mitano huvikwa majoho na kofia za wahitimu wa chuo kikuu, wakapigwa picha, na wazazi wakatozwa gharama zake. Mtoto akirudi nyumbani akahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza mbele ya wageni, baba hutabasamu na mama hupiga vigelegele. Shule hiyo huitwa bora.

Kwa upande wa pili, katika shule nyingi za msingi za vijijini na za pembezoni mwa miji, darasa la awali ni chumba kimoja, mwalimu mmoja, na watoto mia au zaidi walioketi sakafuni wakiitikia silabi kwa sauti moja kuanzia asubuhi hadi saa ya kurudi kwao. Shule hiyo huitwa duni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shule hizo mbili, ijapokuwa moja ni ya ghali na nyingine ni ya bure, zina kosa moja. Zote mbili zimemgeuza mtoto kuwa kasuku. Katika ile ya kwanza kasuku amefungiwa katika tundu la dhahabu, na katika ile ya pili amesongamana na wenzake katika tundu la miti. Lakini kazi yake ni ile ile, kurudisha sauti aliyoisikia pasipo kuielewa. Nasi hatutapata chekechea bora kwa kuwahamisha kasuku kutoka tundu moja hadi jingine. Ubora wa chekechea hupimwa kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, mtoto huzungumza kiasi gani mahali hapo, huzungumza na nani, kwa lugha ipi, na huku akifanya nini?

Waliotutangulia

Wako wanaodhani kwamba malezi ya mtoto mdogo ni elimu iliyoletwa na merikebu, na kwamba kabla ya hapo mtoto wa Kiafrika aliachwa akue kama mbuzi. Dhana hiyo ni kasumba tupu. Atazamaye michezo ya watoto wetu kwa makini ataona mtaala kamili. Katika mchezo wa mdako watoto huchimba kishimo, hutia komwe au vijiwe, hurusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijaanguka hukokota vingine kutoka shimoni. Kisha huvirudisha na kubakiza kimoja kimoja, halafu viwili viwili, halafu vitatu vitatu. Hapo pana hesabu ya kugawa mafungu, pana wepesi wa jicho na mkono, na pana sheria ambazo kila mchezaji hana budi kuzitii. Mtoto mdogo aketiye kando akiwatazama dada zake amekwisha kuanza shule.

Kadhalika kitendawili. Mtoto anayeambiwa habari ya nyumba isiyo na mlango, akafikiri, akakosea, akatoa mji, kisha akaambiwa kuwa ni yai, amejifunza kukitazama kitu kimoja kwa sura ya kitu kingine. Huo ndio mlango wa fikra zote za juu, ziwe za ushairi au za sayansi. Na katika michezo ya kujipikilisha, ambapo mchanga huwa unga, majani huwa mboga na mmoja huwa mama, watoto hujifunza kukubaliana, kubishana na kusuluhishana kwa maneno. Bibi zetu hawakuandika vitabu vya saikolojia, lakini walijua kwamba mtoto hujifunza kwa mwili wake wote, na kwamba ulimi wake hukunjuka pale anapokuwa na jambo la kusema na mtu wa kumsikiliza.

La ajabu ni kwamba hata hao Wazungu tunaodai kuwaiga walifikia hukumu iyo hiyo. Friedrich Fröbel alipoanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na alipoipa mwaka 1840 jina lenye maana ya bustani ya watoto, msingi aliouweka ulikuwa ni mchezo, wimbo na kazi ya mikono. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwafungulia watoto wa mafukara wa mtaa wa San Lorenzo, akawapa meza na viti vya kimo chao na vifaa vya kushika, kupanga na kupima kwa mikono yao wenyewe. Hakuna kati ya wawili hao aliyefundisha kwamba mtoto wa miaka minne aketishwe kimya mbele ya ubao na kupewa kazi ya nyumbani. Basi watu wetu wanaojigamba kwamba wanafuata njia ya Ulaya wameiga joho na kuacha kichwa kilichovaa kofia.

Njia tuliyoipita

Hapa Tanzania, haja ya kuwakusanya watoto wadogo na kuwalea kwa pamoja ilipata nguvu mpya baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mama aliyekwenda kwenye shamba la kijiji alihitaji mahali salama pa kumwacha mwanawe, na Umoja wa Wanawake ulishiriki sana katika kuanzisha vituo hivyo. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya kusimamia vituo vya kulelea watoto mchana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima.

Hizo ni hatua za kujivunia. Lakini katika safari hiyo tulipoteza kitu. Tangu mwanzo wengi walikiona kituo cha watoto kuwa ni mahali pa kuwaweka tu ili wasiwe njiani. Ndiyo maana kwa muda mrefu tuliziita shule za vidudu, kana kwamba waliomo si watu bado. Na elimu ya awali ilipotiwa katika mfumo wa shule, wengine waliiona kuwa ni darasa la kwanza lililosogezwa nyuma. Kati ya dhana hizo mbili, ya ghala na ya darasa la kwanza, mtoto mwenyewe alisahauliwa.

Ada ilipoondolewa katika shule za serikali, idadi ya watoto wa awali ilipanda kutoka wapatao milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Wazazi waliitikia wito. Ila walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha Serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi kiwango hicho kimepitwa mara mbili, mara tatu na zaidi. Nani atazungumza na mtoto mmoja mmoja katika umati wa watu mia? Mwalimu wa darasa la namna hiyo hana la kufanya ila kuwaimbisha. Tusimlaumu yeye; tumlaumu yule aliyeamini kwamba mtoto akiwa mdogo na mahitaji yake huwa madogo.

Na penye upungufu wa shule za umma, mfanyabiashara huingia. Wamo miongoni mwao watu wema wenye shule njema, nao tunawapa haki yao. Lakini biashara ikikosa mwangalizi haina mpaka. Ilifika mahali watoto wa chekechea wakapelekwa bwenini, wakatengwa na mama zao kwa miezi, hata ikabidi Serikali ipige marufuku mwaka 2023 bweni za watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Taifa lililohitaji waraka ili kukumbushwa kwamba mtoto wa miaka mitano hulala kwa mamaye halina budi kujiuliza limepotelea wapi.

Bei ya kukariri

Watetezi wa kasuku watasema: mbona mtoto huyu wa kukaririshwa huonekana kuwa mbele ya wenzake? Ni kweli huonekana hivyo, kwa muda. Mwaka 1967, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na David Weikart walianza kuwafuatilia watoto 68 wa familia maskini waliogawanywa katika njia tatu. Kundi moja lilifundishwa kwa kukaririshwa masomo hatua kwa hatua. Makundi mawili yalipewa nafasi ya kucheza, kuchagua shughuli na kuzieleza. Mwanzoni wote walipanda katika vipimo vya akili, wala makundi hayo hayakupishana sana. Lakini walipofikia umri wa miaka 23, wale waliokaririshwa ndio waliokuwa wameingia zaidi katika makosa ya jinai na matatizo ya hisia. Watoto 68 si wengi, wala Michigan si Mtwara. Hata hivyo fundisho lake ni zito: shughuli za utotoni hazimpi mtoto herufi tu, bali humpa namna ya kuishi na nafsi yake na wenzake. Aliyezoea kuchagua, kukosea na kurekebisha amejifunza kujitawala. Aliyezoea kuamriwa amejifunza kungoja amri.

Hapo ndipo suala hili linapokuwa la utamaduni na la uraia. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuwatenga vijana na jamii yao na kwa kuwafanya waabudu vitabu na mitihani. Aliyasema hayo akitazama shule za msingi na sekondari. Leo ugonjwa huo umeshuka hadi kwa watoto ambao meno yao ya utoto hayajang'oka. Wako wanaofanyiwa mtihani wa kuingia chekechea! Mtoto anayefundishwa kwamba lugha ya nyumbani kwake ni ya adhabu, na kwamba hadithi ya bibi yake ni ushamba, amekwisha kufundishwa kujidharau kabla hajajua kuandika jina lake. Mwacha mila ni mtumwa, na utumwa unaoanza na umri wa miaka minne ni mgumu kuliko wote kuuvua.

Hoja ya Kiingereza

Wazazi wengi wanaopeleka watoto katika shule za Kiingereza si wajinga wala si wasaliti. Wanahesabu. Maadamu masomo ya sekondari yangali yanafundishwa kwa Kiingereza, na maadamu ajira nyingi nono huulizia lugha hiyo, mzazi huona ni heri mwanawe aanze mapema. Hoja hiyo yastahili jibu, si matusi.

Jibu lenyewe ni hili. Kujifunza lugha ya kigeni ni jambo moja, na kujifunza kufikiri kwa lugha usiyoijua ni jambo jingine. Mtoto wa miaka minne huuliza kwa nini mwezi unamfuata, maji ya mvua huenda wapi, na babu aliyekufa atarudi lini. Maswali hayo ndiyo akili yake inayokua. Ukimkataza kuyauliza mpaka ajue Kiingereza, hutampa Kiingereza, utamnyamazisha tu. Na mara nyingi mwalimu mwenyewe Kiingereza chake ni cha kubahatisha, hawezi kulijibu swali la mwezi kwa lugha hiyo hata akitaka. Basi hubaki wote wawili na rangi, siku za wiki na majina ya matunda ambayo mtoto hajapata kuyaona. Hayo si mazungumzo. Lugha ya pili hukaa vizuri juu ya lugha ya kwanza iliyoimarika, kama ghorofa ikaavyo juu ya msingi. Mwenye kuanza na ghorofa hajengi haraka zaidi, anajenga gofu.

Lakini haki ina pande mbili, nasi watetezi wa Kiswahili tunapaswa kuukabili upande wetu. Mtoto wa Kisukuma, wa Kimakonde au wa Kimasai anayefika chekechea akiwa na lugha ya mamaye tu, naye hukuta Kiswahili kikiwa kigeni. Tukimkaripia na kumcheka kwa hilo, tutakuwa tumemtendea yale yale tunayoyalaumu kwa wenzetu. Mwalimu mwenye hekima humpokea kwa lugha yake, humwacha aulize kwa lugha yake, na humvusha polepole hadi Kiswahili kwa nyimbo, michezo na hadithi. Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa kwa kuwaunganisha watu. Kisigeuzwe kiboko cha kuwanyamazishia watoto.

Alama za chekechea bora

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni maneno matamu yasiyowezekana kwa nchi maskini. Yamewezekana, tena hapa hapa pwani yetu. Katika miaka ya 1980, huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianza kazi ya kuunda chekechea ndani ya jamii za Waislamu, zenye kuchanganya mafunzo ya dini na malezi ya kisasa. Mpango huo wa madrasa ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliofunzwa na kutembelewa mara kwa mara. Kamati za wenyeji ndizo zilizoendesha shule. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makopo, vizibo, mchanga, mbegu na vitambaa, vilivyopangwa katika pembe za chumba ili mtoto achague. Mbinu zao nyingi ziliazimwa kutoka Ypsilanti, kwa watu wale wale wa Weikart, zikavikwa nyimbo, hadithi na maadili ya pwani. Huo ndio ukopaji wa watu huru: kutwaa kilicho chema na kukikalisha katika nyumba yako, badala ya kuihama nyumba yako.

Basi mzazi au mwalimu atakaye kuijua chekechea bora asisimame langoni akisoma bango. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na aingie ndani, aketi saa moja, atazame mambo haya.

Kwanza, asikilize. Ikiwa sauti inayosikika ni ya mwalimu peke yake, au ya kundi zima likiitikia, aondoke. Chekechea bora ina mvumo kama wa mzinga wa nyuki: watoto wawili hapa wanabishana, watatu pale wanapika mchanga, mmoja anamweleza mwalimu alichokichora, na mwalimu ameinama hadi kimo chake, anasikiliza, anauliza swali ambalo jibu lake yeye mwenyewe halijui.

Pili, amtazame mwalimu. Je, amesomea malezi ya watoto wadogo, au ametupwa hapo kwa kuwa hakufaa kwingine? Desturi ya kumpeleka darasa la awali mwalimu aliyechoka ni kinyume cha akili. Fundi stadi huwekwa kwenye msingi, wala hangojewi hadi paa. Na fundi huyo alipwe kama fundi.

Tatu, awahesabu watoto. Wakizidi 25 kwa mwalimu mmoja, kamati ya shule na kijiji zitafute wasaidizi, na Serikali ikumbushwe kiwango ilichokiweka yenyewe. Wamo mabibi na mababu wenye hazina ya hadithi wasioombwa kamwe kuja kuzisimulia. Mkono mmoja haulei mwana.

Nne, atazame ardhi na chakula. Pawe na kivuli, maji safi, choo cha kimo cha mtoto, uwanja wa kukimbilia usio na chupa wala shimo, na kikombe cha uji. Mtoto mwenye njaa hachezi, na asiyecheza hajifunzi. Uji wa unga, karanga na maziwa una faida kubwa kuliko basi lililopakwa rangi ya manjano.

Tano, atafute fimbo. Akiiona, asiulize la sita.

Tazama, ndugu msomaji, kwamba katika hayo yote hapana hata moja linalohitaji joho, wala bata wa Kimarekani, wala ada ya mamilioni. Yanahitaji watu waliofunzwa, wa kutosha, wenye subira. Hayo nayo yana gharama, na gharama hiyo ni ya taifa zima. Tukiwaachia wenye fedha wanunue kasuku wa Kiingereza na mafukara wapewe kasuku wa silabi, tutakuwa tumejenga matabaka mawili ya watu wazima kabla watoto hawajaota magego, na yote mawili yatakuwa ya watu wanaongoja kuambiwa la kusema.

Walimu mnaosoma makala haya, ombeni darasa la awali kama mnavyoomba darasa la mtihani, na mdai heshima yake. Nanyi vijana wa sekondari, ambao baadhi yenu mtakuwa walimu na wengi wenu mtakuwa wazazi, anzeni sasa na wadogo zenu walioko nyumbani. Wachezesheni mdako, wategeeni vitendawili, na wakiwauliza kwa nini mwezi unawafuata, msiwaambie wanyamaze. Udongo uwahi ungali maji.